Umbali na muda wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili vya mbali: mwongozo kamili, kwa mfano wa Nairobi, Dar es Salaam na New York

Ukiandika kwenye simu "Dar es Salaam hadi New York kwa ndege ni saa ngapi", jibu linakuja papo hapo: kilomita 12,400 na ushee, saa 15 na nusu hivi. Kihesabu jibu hilo halina kosa, lakini msafiri halimfai kitu, maana hakuna ndege ya abiria inayoondoka Dar ikatua New York bila kusimama njiani. Tovuti nyingi za namna hiyo ni programu tu inayopima umbali wa nukta mbili juu ya dunia, ikagawa kwa mwendo wa ndege, basi. Haijui ratiba, haijui upepo, wala haijui kwamba utakaa kwenye viti vya Doha usiku kucha ukisubiri ndege ya pili.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ukiifanya mwenyewe utajua nini cha kuamini kwenye tiketi na nini cha kuuliza kabla ya kulipa. Nitatumia safari mbili. Ya kwanza ni Nairobi–New York, ambayo Kenya Airways ilianza kuiruka bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787-8. Ya pili ni Dar–New York, ambayo lazima uunganishe. Ukizielewa hizi mbili, Mombasa–Toronto, Entebbe–Guangzhou au Bujumbura–Brussels hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Jua ni uwanja gani hasa

Usianze na jina la mji, anza na herufi tatu za uwanja. Dar es Salaam ni DAR, Zanzibar ni ZNZ, Kilimanjaro ni JRO, Mombasa ni MBA. Nairobi ina Jomo Kenyatta (NBO) na Wilson (WIL), na ndege za masafa marefu zote zinatoka NBO. New York ina JFK na LaGuardia (LGA), halafu kuna Newark (EWR), ambao uko jimbo jirani la New Jersey lakini unahudumia watu walewale. London ndiyo balaa zaidi: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City, kila mmoja upande wake, na ukishuka mmoja wakati ndege yako ya pili inaondokea mwingine utakata jiji zima na mabegi.

Angalia pia majina pacha. Birmingham ya Uingereza ni BHX, ya Alabama ni BHM. San José ya Kosta Rika ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Herufi moja tu inakupeleka nchi nyingine.

Hatua ya 2: Pima umbali

Njia ya haraka ni kuingia kwenye tovuti ya Great Circle Mapper, ukaandika NBO-JFK, ikakuchorea mstari na kukupa umbali. Google Earth nayo ina kifaa cha kupimia. Kwa watu wengi hapo pametosha. Ila nakushauri ujue kuipiga kwa mkono walau mara moja, maana ndipo utakapoelewa kwa nini mstari kwenye ramani umepinda.

Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Kusini mwa ikweta na magharibi mwa Greenwich weka alama ya kutoa. Kwa mfano wetu:

NBO: latitudo −1.32, longitudo 36.93
JFK: latitudo 40.64, longitudo −73.78

Fungua kikokotoo cha simu, ilaze simu upate vitufe vya sin na cos, na uhakikishe kiko kwenye nyuzi (DEG) na si RAD. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea: kikiwa RAD kitakupa namba ya ajabu bila kulalamika.

Kwanza zidisha sin ya latitudo moja kwa sin ya nyingine: sin(−1.32) × sin(40.64) = −0.0150.

Kisha tafuta tofauti ya longitudo. Kutoka 36.93 hadi −73.78 ni nyuzi 110.71. Zidisha cos tatu: cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71) = −0.2682.

Jumlisha majibu mawili: −0.0150 + (−0.2682) = −0.2832. Bonyeza cos⁻¹ ya hiyo, utapata nyuzi 106.45. Kila uzi mmoja wa duara la dunia una kilomita 111.2. Kwa hiyo 106.45 × 111.2 = kilomita 11,837.

Hiyo ni sawa na maili 7,355 za nchi kavu, au maili 6,391 za bahari ambazo marubani wanazitumia (maili moja ya bahari ni kilomita 1.852). Ukiona tovuti mbili zinatofautiana sana, kabla ya kuzilaumu angalia kama moja haitumii maili na nyingine kilomita.

Kipimo cha kujikagua: mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna viwanja viwili vinavyoachana kwa zaidi ya kilomita 20,000 na kidogo. Ukipata 24,000, umezunguka upande usio wake au umesahau alama ya kutoa.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini mstari umepinda, na kwa nini ndege haiufuati vilevile

Chukua ramani ya ukutani, ile ya darasani, uweke rula kutoka Nairobi hadi New York. Rula itapita Afrika ya Kati, Nigeria ya kaskazini, Mali na Mauritania, kisha itakata Atlantiki. Ukiifuata njia hiyo kwa kushika mwelekeo mmoja wa dira toka mwanzo hadi mwisho, utatembea kama kilomita 12,190. Hizo ni kilomita 350 zaidi ya bure.

Sasa chukua globu na uzi. Bana ncha moja Nairobi, vuta uzi hadi ukaze pale New York. Utaona uzi unapanda kaskazini kuliko rula. Unavuka ikweta ukiwa bado Kenya, unapita karibu na Mlima Elgon, juu ya Gulu kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, kona ya Darfur, Chad, kaskazini mwa Niger, Sahara ya Algeria, jirani na Marrakech, unaingia baharini, unapita visiwa vya Azores, ndipo unashuka New York. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Ndege halisi inaikaribia njia hiyo, haiishiki. Sababu ni nyingi: njia za anga zilizopangwa, mawingu ya radi ya ukanda wa ikweta, upepo, na siasa. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Niger ilifunga ya kwake Agosti 2023 baada ya mapinduzi, ikaifungua Septemba. Libya mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa kwa miaka. Ukitazama mstari wetu unavyopita juu ya baadhi ya nchi hizo, utaelewa kwa nini safari ileile huweza kurefuka bila uwanja wowote kuhama. Kwa hesabu za nyumbani, ongeza asilimia 3 hadi 5 kwenye umbali wa uzi, na pengine zaidi kukiwa na anga iliyofungwa.

Njia halisi utaiona kwenye tovuti za kufuatilia ndege, Flightradar24 au FlightAware. Andika namba ya ndege, angalia safari za siku chache zilizopita: njia iliyopita, muda iliyotumia hewani, na kama huchelewa kuondoka. Mimi naamini dakika tano za kutazama historia hiyo kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 4: Geuza umbali kuwa muda

Ndege kubwa za kisasa kama 787, A350 na 777 zikishatulia juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Lakini usigawe kwa 900. Kupanda ni polepole, kushuka ni polepole, na njia imepinda kidogo. Gawa umbali kwa 850, kisha ongeza saa moja ya kutoka getini, kusubiri zamu ya kuruka, na kutembea tena ardhini mpaka geti la kushukia. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huanzia getini na kuishia getini, haupimwi kuanzia magurudumu yanapoacha lami.

Nairobi–New York: 11,837 ÷ 850 = 13.9. Ongeza 1, unapata 14.9. Hiyo si saa 14 na dakika 90, ni saa 14 na dakika 54, kwa sababu sehemu ya kumi ya saa ni dakika sita. Ratiba huiweka safari hii kwenye saa 14 hadi 15, kwa hiyo hesabu yetu imekaa vizuri.

Kwa safari fupi, chini ya kilomita 1,000, saa moja ya nyongeza ni nyingi mno. Weka nusu saa. Dar–Nairobi ni kilomita 670 hivi: dakika 47 hewani na nusu saa ya ardhini, jumla saa moja na robo.

Halafu kuna upepo. Juu kule, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mito ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini, na wakati wa baridi ya kaskazini (Desemba hadi Februari) inakuwa na nguvu zaidi. Anayekwenda Marekani anaikabili usoni, anayerudi inamsukuma mgongoni. Tuseme kwa wastani wa njia nzima upepo unakupunguzia kilomita 40 kwa saa: badala ya 900 unakwenda 860, na kilomita 11,837 zinakula saa 13 na dakika 46. Ukirudi unakwenda 940: saa 12 na dakika 36. Saa moja na dakika kumi imepotea na kupatikana hapohapo. Kwa Nairobi tofauti si kubwa sana, maana nusu ya njia iko kwenye ukanda wa joto ambako upepo huo ni dhaifu. London–New York, ambayo yote iko ndani ya mto wa upepo, hiyo saa moja na zaidi inatoka kwenye safari ya nusu ya urefu huo.

Kwa Dar–Johannesburg au Dar–Doha, ambako unakwenda kusini au kaskazini, usijisumbue na upepo kabisa.

Jambo moja ambalo tovuti hazisemi ni mwinuko wa uwanja. Hewa ya juu ni nyembamba, na ndege iliyojaa mafuta inahitaji kasi kubwa zaidi kuinuka. Jomo Kenyatta uko kama mita 1,600 juu ya bahari, na Bole wa Addis Ababa kama mita 2,300. Ndiyo maana Ethiopian, kwa miaka mingi, safari yake ya Washington ilikuwa ikitua Dublin kuongeza mafuta wakati wa kwenda, na kurudi haitui popote: kutoka Washington, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, ndege iliweza kubeba mafuta ya kutosha. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, kwa hiyo kuondoka usiku nako kunasaidia viwanja vya nyanda za juu. Ukiambiwa ndege ni "ya moja kwa moja", uliza swali la pili: inatua njiani au haitui? Namba ya ndege kutobadilika haina maana haitasimama.

Hatua ya 5: Soma saa za tiketi bila kudanganyika

Hapa ndipo watu wanapokosa ndege.

Saa zote kwenye tiketi ni saa za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, saa ya kufika ni ya New York. Ukichukua moja ukatoa nyingine unapata takataka. Tuchukue ratiba ya mfano: kuondoka Nairobi 23:55, kufika JFK 06:55 siku inayofuata (utaona alama ndogo ya +1 pembeni). Anayetoa haraka atasema ni saa saba tu! Kurudi: kuondoka JFK 12:25, kufika Nairobi 10:25 kesho yake. Huyohuyo atasema ni saa 22, na atakuuliza kwa nini kurudi ni mbali hivyo.

Dawa ni moja: geuza kila kitu kiwe saa ya nyumbani, ndipo utoe. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC) mwaka mzima. New York iko saa 5 nyuma ya UTC wakati wa baridi na saa 4 nyuma wakati wa joto. Kwa hiyo tuko mbele yao kwa saa 8 au 7.

Januari: 06:55 ya New York + 8 = 14:55 ya Nairobi. Kutoka 23:55 hadi 14:55 ni saa 15 kamili.
Julai: 06:55 + 7 = 13:55. Ni saa 14.

Saa zilezile kwenye karatasi, na safari zinatofautiana saa nzima. Kurudi Januari: 12:25 + 8 = 20:25, hadi 10:25 kesho yake ni saa 14.

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katikati hapo kuna wiki chache ambazo tofauti kati ya Amsterdam na New York si ile uliyoizoea. Ukikata tiketi mwezi wa kwanza kwa safari ya mwezi wa tatu, hakiki saa upya wiki moja kabla ya kuondoka. Ukiunganishia Doha, Addis Ababa au Istanbul, saa ya mkononi huigusi, zote ziko sawa na sisi. Dubai na Muscat ziko saa moja mbele yetu.

Sasa uje kwenye saa yetu ya Kiswahili. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu alfajiri na tangu magharibi. Kanuni ni hii: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6 (14:30 ni saa nane na nusu mchana). Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa 18 (23:55 ni saa sita kasoro dakika tano usiku). Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza 6 (00:45 ni saa saba kasorobo usiku, 06:55 ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi).

Kugeuza saa ni rahisi. Tarehe ndiyo inayouma. Kwetu, ukisema "tarehe 15 usiku", kila mtu anaelewa usiku unaofuata mchana wa tarehe 15. Tiketi ikiandika tarehe 15, 02:10, inamaanisha usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 kabla ya saa tano na dakika kumi usiku. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anakwenda Muscat kumwona binti yake aliyejifungua. Tiketi ilisema 02:10. Watu walipika pilau mchana wa tarehe 15, wakamuaga, shanga za mtoto zikafungwa ndani ya kitenge, teksi ikaja saa mbili usiku. Dada wa kaunta aliisoma karatasi, akaigeuza, akamwuliza taratibu, "Mama, ulikuwa wapi jana?" Tangu hapo, kila tiketi inayoondoka kati ya 00:00 na 05:00 naiandikia kwa kalamu nyekundu: NENDA UWANJANI JANA YAKE, na siku ya wiki pembeni.

Na kama aliyekupa saa kwa mdomo ni Mhabeshi wa Addis, mwulize anahesabu vipi. Wao pia huhesabu kuanzia alfajiri kama sisi, ila tiketi zao zimeandikwa kama za dunia nzima.

Kwa wanaoswali, jambo hili lina uzito wake. Ukiruka kuelekea magharibi usiku, unakwenda pamoja na giza. Kwa ratiba ya mfano ya Januari utaondoka Nairobi usiku na kutua New York kabla jua halijachomoza: saa 15 nzima za usiku mmoja. Ukifunga na kuruka magharibi mchana, ni kinyume chake: jua litakaa angani kwa masaa mengi kuliko uliyozoea. Kurudi mashariki siku inakatika haraka. Panga chakula na dawa, hasa dawa za kisukari, kwa idadi ya saa zilizopita na si kwa saa ya ukutani, na umwone daktari wako kabla.

Hatua ya 6: Safari ya kuunganisha

Dar–New York kwa uzi ni kilomita 12,437. Angalia sasa njia zilivyo, kwa kujumlisha vipande viwili:

Kupitia Nairobi: 668 + 11,837 = 12,505
Kupitia Amsterdam: 7,345 + 5,847 = 13,192
Kupitia Doha: 3,819 + 10,769 = 14,588

Nairobi iko karibu juu ya mstari wenyewe. Unaongeza kilomita 68 tu. Doha unaongeza zaidi ya 2,100, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki wakati New York iko kaskazini-magharibi.

Geuza kuwa saa kwa kanuni yetu. Nairobi: saa 1 na robo, kisha saa 15. Amsterdam: saa 9 na nusu na ushee, kisha karibu saa 8. Doha: saa 5 na nusu, kisha karibu saa 14 kwa kuwa upepo uko usoni. Jumla hewani ni kama saa 16, 17 na nusu, na 19 na nusu. Kwa hiyo tofauti kati ya njia fupi kabisa na ndefu kabisa ni saa tatu na nusu hivi. Kumbe kinachoamua si umbali, ni kusubiri: saa 3 Doha ni bora kuliko saa 11 Nairobi. Ndiyo maana nikipanga tiketi naanza na muda wa jumla kutoka kuondoka hadi kufika, kisha muda wa kusubiri, kisha bei. Kilomita naziangalia mwisho.

Ndege ya Nairobi–New York haitegemewi kuwapo kila siku ya mwaka, idadi ya safari kwa wiki hubadilika kwa msimu. Angalia siku yako. Na ndege za Ulaya zinazohudumia Dar mara nyingi hugusa Kilimanjaro au Zanzibar njiani, jambo linaloongeza saa moja na nusu au mbili.

Muda wa kuunganisha: kwa tiketi moja iliyokatwa pamoja, saa 2 zinatosha viwanja vingi, mimi napenda 3. Kwa tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ili kuokoa hela, weka saa 5 au zaidi, maana ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haitakusubiri, utanunua nyingine. Zaidi ya hapo utalazimika kuchukua mzigo na kuukabidhi upya, na pengine kuhitaji viza ya nchi ya katikati. Ukiingia Marekani, uwanja wa kwanza kutua ndio wa kupitia uhamiaji na kuchukua mabegi, hata kama unaendelea Minneapolis au Columbus. Hapo usikubali kuunganisha kwa chini ya saa 3.

Hatua ya 7: Hesabu ya mlango hadi mlango

Kwa anayetoka Mbagala kwenda Bronx kupitia Nairobi: saa 1 na nusu ya foleni hadi uwanjani, saa 3 za kuwahi, saa 1 na robo hadi Nairobi, saa 3 za kusubiri, saa 15 hewani, saa 1 na nusu ya uhamiaji na mabegi, saa 1 ya gari. Jumla ni saa 26 na robo. Huo ndio muda wa kuomba ruhusa kazini, na si ile 15 na nusu ya kwenye simu.

Anayekupokea mtumie namba ya ndege, siku ya wiki, tarehe na saa ya kwao kwa mtindo wa saa 24, basi. Usimgeuzie. Mwambie aifuatilie ndege kwenye Flightradar24 na atoke nyumbani ndege inapotua, si kabla, maana maegesho ya JFK ni ghali na wewe bado utakuwa kwenye foleni ya pasi za kusafiria.